Paroko mpya anapokewa kwa nyimbo, anakabidhiwa nini?

Kila orodha ya uhamisho wa mapadre inapotoka katika Jimbo Kuu la Nairobi, maswali huanza kuzunguka kwenye simu za waumini kabla barua haijasomwa kanisani. Fada wetu amekosa nini? Huyu anayekuja ni wa wapi? Mahubiri yake ni marefu? Anaelewana na vijana? Wiki chache baadaye kamati ya mapokezi imeshaundwa, akina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, wamekubaliana sare, wanaume wa CMA, chama cha wanaume, wanachangishana, na kwaya inafanyia mazoezi wimbo wenye jina la paroko mpya. Jumapili ya kumsimika inafika. Mjumbe wa askofu anasoma hati ya uteuzi, funguo zinakabidhiwa mbele ya umati, vigelegele vinapanda, na foleni ya zawadi inaanzia altareni hadi mlangoni. Jumatatu asubuhi paroko anaingia ofisini, anafungua kabati, na mara nyingi hakuna mtu wa kumweleza kwa hakika kilichomo.

Msimu wa uhamisho umetufikia tena, na mazungumzo yamefuata njia ile ile: nani anaondoka, nani anakuja, nani ameonewa. Naona tunalielewa vibaya tukio lenyewe. Tunalichukulia kuwa ni kuwasili kwa mtu, ilhali kwa sheria ya Kanisa na kwa mahitaji ya uchungaji ni makabidhiano ya jumuiya nzima, pamoja na watu wake, vitabu vyake, mali yake, madeni yake na miradi yake ambayo haijakamilika. Hoja yangu ni kwamba sisi waumini wa Nairobi tunajua sana kumpokea paroko lakini hatujui kumkabidhi parokia, na kwamba kasoro hiyo ni yetu walei kuliko tunavyotaka kukiri. Askofu humteua paroko. Hali ya parokia atakayoikuta ni kazi ya mikono yetu.

Tuanze na parokia yenyewe ni nini. Sheria ya Kanoni ya mwaka 1983, yaani kitabu cha sheria za Kanisa Katoliki, katika kanuni ya 515, inaieleza parokia kuwa jumuiya ya waamini iliyoundwa kwa kudumu ndani ya jimbo, ambayo uchungaji wake hukabidhiwa paroko chini ya mamlaka ya askofu. Jumuiya inatajwa kwanza, mchungaji baadaye. Kanuni hiyo hiyo inasema kwamba parokia ikishaundwa kihalali ina nafsi yake katika sheria. Inaweza kumiliki, kudai na kudaiwa, na haifi paroko anapoondoka. Kanuni ya 532 inampa paroko jukumu la kuiwakilisha parokia katika mambo ya kisheria na kuhakikisha mali yake inasimamiwa ipasavyo. Ni msimamizi, na mali si yake. Hata kwa sheria za nchi yetu, ardhi ya kanisa kwa kawaida husajiliwa kwa jina la wadhamini wa jimbo, wala si kwa jina la padre anayeishi hapo. Kwa hiyo mtu anaposema "Fada fulani alijenga kanisa lile" anasifu juhudi ya kweli, lakini pia anaonyesha jinsi tulivyozoea kuliona kanisa kupitia mtu mmoja.

Mazoea hayo yana chimbuko, na chimbuko lenyewe lina heshima yake. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Nairobi mwaka 1899, mji ukiwa bado kambi ya reli, wakaanzisha misheni ya St. Austin's. Mwaka 1902 Wamisionari wa Consolata waliingia Kenya na kuelekea nyanda za Wakikuyu. Misheni za wakati ule zilikuwa shule, zahanati, shamba na kanisa kwa pamoja, na padre ndiye aliyeunganisha yote hayo. Fedha nyingi zilitoka ng'ambo, zikaja kupitia kwake. Kwa mwanakijiji wa wakati huo, padre alikuwa kweli chanzo cha jengo na cha mradi. Nairobi ilipofanywa Jimbo Kuu mwaka 1953, na hasa katika miaka ya Kardinali Maurice Otunga aliyeliongoza kuanzia 1971 hadi 1997, mapadre wazalendo waliendelea kuongezeka na kushika parokia. Lakini padre mzalendo wa jimbo hana wafadhili wa ng'ambo nyuma yake. Anafika na masanduku mawili na posho ndogo. Tukabadilisha aina ya padre bila kubadilisha matarajio: bado tunamsubiri mtu atakayekuja kujenga, na tunampima kwa saruji. Paroko asiyeanzisha jengo ndani ya miaka miwili huitwa mvivu, hata kama ameketi kwenye kiti cha kuungamia kila Jumamosi na kuwazika maskini wa mtaa mzima.

Kutoka kwenye picha hiyo ya padre mjenzi ndiko inakotoka pia hofu ya uhamisho. Ikiwa padre ndiye mradi, basi kumhamisha ni kuua mradi, na lazima awepo aliyetaka uuawe. Uvumi kwamba kila uhamisho ni adhabu hautokani na umbea peke yake. Unatokana na jinsi tulivyojenga parokia zetu. Hata hivyo sheria inatofautisha mambo haya waziwazi. Kumwondoa paroko kwa sababu huduma yake imekuwa na madhara au haifai tena ni utaratibu wenye hatua zake, katika kanuni za 1740 hadi 1747, na askofu hawezi kuukamilisha bila kujadiliana na maparoko wawili kutoka kundi lililowekwa kwa kazi hiyo. Uhamisho wa kawaida uko kwenye kanuni nyingine, 1748 hadi 1752, na sababu yake ni faida ya roho za watu au hitaji la Kanisa. Katika parokia zinazoshikwa na mashirika ya kitawa, kama Kangemi kwa Wajesuiti au Kariobangi na Korogocho kwa Wakomboni, mkuu wa shirika ndiye anayempendekeza padre, askofu akamteua, na mmoja wao akitaka abadilishwe humfahamisha mwenzake. Pale mambo hutegemea pia mahitaji ya shirika katika nchi nyingine kabisa. Muumini wa Korogocho anaweza kumpoteza paroko kwa sababu tu shirika limemhitaji Sudan Kusini.

Lakini wanaolalamikia uhamisho wa haraka wana hoja nzito, nami siwezi kuipuuza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaka paroko akae katika parokia yake kwa uthabiti ambao faida ya roho za watu inadai, na ukafuta ile tofauti ya zamani kati ya maparoko wanaoweza kuhamishwa na wasioweza. Kanuni ya 522 inasema paroko ateuliwe kwa muda usio na kikomo, isipokuwa pale ambapo Baraza la Maaskofu limeruhusu muda maalumu. Mwagizo wa Vatikano wa mwaka 2020 kuhusu parokia ulishauri kwamba muda huo usiwe chini ya miaka 5. Fikiria parokia ya Eastlands yenye jumuiya ndogo ndogo 40, yaani vikundi vya waumini majirani wanaosali pamoja. Paroko akitembelea jumuiya moja kila wiki bila kukosa, atamaliza baada ya miezi tisa hivi, na hapo atakuwa ameziona mara moja tu. Mwaka wa pili ndipo anaanza kukumbuka majina. Akiondolewa mwaka wa tatu, ameondoka akiwa ndio kwanza amewajua watu. Kwa hiyo anayesema mapadre wetu wakae zaidi anazungumza lugha ya Kanisa lenyewe, na ana haki ya kulisema hilo kwa askofu. Kanuni ya 212 inawapa waamini haki hiyo, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao kuhusu mema ya Kanisa, kwa heshima. Kanuni ya 524 nayo inamtaka askofu amsikilize dekano, padre anayesimamia kundi la parokia jirani, kabla ya kuteua paroko, afanye uchunguzi unaofaa, na ikibidi awasikilize mapadre kadhaa na hata walei.

Hapo ndipo kikomo kilipo pia. Kusikilizwa si kupiga kura. Kuna watu, hasa miongoni mwa vijana waliozoea siasa za jiji, wanaoona kwamba parokia inayotoa fedha inapaswa kumchagua kiongozi wake. Naelewa walikotoka, lakini nadhani wangejutia wanachokitaka. Nairobi ni mji ambamo kila kura hugeuka hesabu ya kabila kabla haijahesabiwa. Paroko anayetumwa na askofu anaweza kuwa wa kabila lisilo na familia hata tatu katika parokia ile, akawa baba wa wote kwa sababu hakuna upande uliompigania. Uhuru huo ungekufa siku ya kwanza ya kampeni. Wanaotaka sauti ya walei iwe na nguvu, na mimi ni mmoja wao, wangeitumia vizuri zaidi mahali ambapo sheria tayari imewapa nafasi, yaani katika kutunza parokia wakati padre mmoja anatoka na mwingine anaingia.

Sasa turudi kwenye mapokezi. Sitaki kueleweka kwamba nyimbo na zawadi ni upotevu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na katika jiji ambalo majirani wa ploti moja hupita wiki bila kusalimiana, Jumapili ya kumpokea paroko ni mojawapo ya siku chache ambazo mtu wa nyumba ya kupanga Mathare na mwenye kampuni wanabeba ndizi na mchele kwenye mstari mmoja. Padre naye anahitaji kupokewa. Amekatwa ghafla kutoka kwa watu aliowabatiza na kuwafungisha ndoa. Jana alikuwa na watu wa kumuuliza kama amekula, leo analala kwenye nyumba ambayo hajui swichi ya taa iko wapi. Ibada ya kusimikwa ina maana yake: anarudia ahadi zake mbele ya askofu au mjumbe wake, anatoa ungamo la imani, anaonyeshwa tabernakulo, kisima cha ubatizo na kiti cha kuungamia, na parokia inaona kwa macho yake kazi aliyotumwa kuifanya. Anayefuta sherehe ili kuokoa fedha amekata mahali pasipofaa.

Shida huanzia kwenye zawadi kubwa, na hasa gari. Katika parokia niliyolelewa, ugomvi mkubwa kuliko wote ninaoukumbuka haukuwa wa imani wala wa liturujia. Ulikuwa wa gari ambalo waumini walichanga siku ya mapokezi, na ambalo miaka kadhaa baadaye liliondoka na padre. Nusu ya parokia ilisema limeibwa, nusu ikasema ni lake, tulimpa. Kila upande uliapa kukumbuka vizuri maneno yaliyosemwa siku ile, na hakuna aliyekuwa ameyaandika. Sheria ina jibu, nalo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kanuni ya 1267 inasema kwamba sadaka zinazotolewa kwa wasimamizi wa Kanisa huhesabiwa zimetolewa kwa Kanisa lenyewe, hapa parokia, ila ikithibitika vinginevyo. Inaongeza kwamba sadaka iliyotolewa kwa lengo maalumu itumike kwa lengo hilo tu. Hivyo gari likitolewa bila maelezo, ni la parokia. Likikusudiwa padre binafsi, na isemwe, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na kila anayechanga ajue kabla hajatoa shilingi yake. Na fedha zilizochangwa kwa ajili ya paa la ukumbi haziwezi kugeuzwa kuwa za mapokezi kwa sababu tu kamati imepata furaha ya mgeni. Mambo haya mawili yakizingatiwa, nusu ya kinyongo ambacho mapadre wetu hubeba kutoka parokia moja hadi nyingine kingeisha, na kinyongo hicho huwaumiza wao kwanza.

Suala la fedha lilitufika hadharani tarehe 17 Novemba 2024. Rais William Ruto alihudhuria Misa katika kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na kwa PMC, chama cha kimisionari cha watoto, shilingi milioni 2 kwa ujenzi wa nyumba ya mapadre, akaahidi milioni 3 zaidi pamoja na basi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo alitoa taarifa kwamba fedha hizo hazikubaliwi na zitarudishwa. Nchi nzima iliusoma uamuzi ule kisiasa, na haikukosea, maana siku chache kabla maaskofu walikuwa wameikosoa serikali vikali. Lakini ndani ya uamuzi ule mlikuwa na jambo jingine lililotuhusu sisi. Kilichokuwa kikijengwa ni nyumba ya mapadre. Kanuni ya 222 inaweka mezani petu, sisi waamini, wajibu wa kulisaidia Kanisa lipate mahitaji ya ibada, ya matendo ya huruma, na ya maisha ya heshima kwa wahudumu wake. Nyumba ya padre ikikosa mabati, mlango wa mwanasiasa ndio hufunguka wenyewe. Paroko mpya anayekuta deni la fundi na jengo lililoishia kwenye linta anasukumwa kuelekea harambee ya waheshimiwa kabla hajajua hata jina la mwenyekiti wa jumuiya moja. Askofu Mkuu aliufunga mlango ule. Anayepaswa kufungua mwingine ni muumini, na hataufungua ikiwa hajui parokia ina nini na inadaiwa nini.

Hapo nakutana na pingamizi linalotolewa mara nyingi kuliko yote, na ambalo kwangu ndilo dhaifu kuliko yote. Linasema kuwa kuuliza hesabu wakati padre anaingia au anatoka ni kumkosea heshima, ni dalili ya imani haba. Mtu amtolee Mungu sadaka yake na aishie hapo. Husemwa kwa unyenyekevu, ndiyo sababu huwanyamazisha watu wengi wema. Lakini halina mizizi katika mafundisho ya Kanisa. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali ambayo waamini wameitolea Kanisa. Kanuni ya 537 inasema kila parokia lazima iwe na baraza la fedha la kumsaidia paroko. Askofu anaweza kuamua kama halmashauri ya kichungaji inahitajika, lakini baraza la fedha halina hiari. Na kanuni ya 1283, ambayo natamani ingesomwa katika kila jumuiya, inasema msimamizi kabla ya kuanza kazi aape kusimamia vizuri na kwa uaminifu, kisha iandaliwe orodha kamili ya mali isiyohamishika, ya vitu vya thamani na vya utamaduni, na ya mali nyingineyo, pamoja na maelezo na makadirio ya thamani yake. Atie sahihi, nakala moja ibaki parokiani, nyingine ipelekwe ofisi za jimbo. Kanisa lililoandika hayo halikuyaandika kwa sababu linawashuku mapadre wake. Linajua kwamba padre mwaminifu asiye na orodha hawezi kujitetea siku ya uvumi.

Lipo pingamizi lenye nguvu zaidi, na hili sitalijibu kwa haraka. Baadhi ya mapadre husema kwamba walei wanaozungumza juu ya hesabu mara nyingi ndio wanaotaka kuitawala parokia. Kwamba kuna wazee wa kanisa waliokalia viti vyao kupitia maparoko watatu, wenye zabuni za ujenzi na ufunguo wa pili wa stoo, na kwamba paroko mpya akifungwa na makabidhiano yao amefungwa kwao. Ni kweli, watu wa namna hiyo wapo, na kila mtu wa parokia anaweza kuwataja. Ndiyo maana maparoko wengine huanza kwa kuvunja halmashauri nzima. Sheria ya Kanisa zima haisemi kwamba halmashauri ya parokia inakufa paroko akiondoka. Inaliachia jambo hilo kanuni za jimbo, na inasema kura ya halmashauri hiyo ni ya ushauri tu. Kwa hiyo padre hajafungwa. Lakini anayevunja halmashauri wiki ya kwanza anaondoa pamoja na wale wabaya kumbukumbu yote ya parokia: nani aliahidiwa nini, kiwanja kile kina mgogoro gani, fundi alilipwa kiasi gani. Dawa ya wazee waliokalia viti ni ukomo wa muda na uchaguzi unaofanyika kwa tarehe zake, bila kungoja uhamisho. Hati ya mwisho ya Sinodi ya Oktoba 2024, ambayo Papa Fransisko aliidhinisha, ilisisitiza kwamba mabaraza ya ushirikishwaji yawe ya lazima na ikazungumza wazi juu ya uwajibikaji na uwazi wa hesabu. Kwa hiyo anayeomba mambo haya hapa Nairobi haombi kitu kipya.

Makabidhiano ninayoyazungumzia hayaishii kwenye fedha, na kwa kweli nadhani vitabu vina uzito zaidi. Kanuni ya 535 inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na kwenye kitabu cha ubatizo yaandikwe pia kipaimara, ndoa, daraja na nadhiri. Katika mji wa wapangaji, kitabu hicho ndicho kinachomfuata mtu. Familia inahama Kayole kwenda Ruiru kwa sababu kodi imepanda. Mtoto amebatizwa parokia moja, akapata Komunyo nyingine, kipaimara ya tatu. Miaka ishirini baadaye anataka kufunga ndoa na anarudi kuomba cheti cha ubatizo. Karani anafungua kitabu na kukuta kurasa za miezi mitano hazina kitu, miezi ile ile ambayo paroko mmoja alikuwa akiondoka na mwingine akingojewa. Ubatizo ulifanyika, picha zipo, msimamizi yupo, lakini haukuandikwa. Binti wa watu anahangaika kutafuta mashahidi wiki tatu kabla ya harusi. Hakuna zawadi ya mapokezi inayoweza kufidia hilo, ilhali kulizuia kulihitaji mtu mmoja tu wa kukaa na karani jioni mbili na kuhakikisha kila jina limeingia kabla ya funguo kubadilisha mkono.

Wapo pia wafanyakazi. Karani, mpishi, bawabu, mtunza sakristia, katekista: mara nyingi hawa ndio wa kwanza kuumizwa na mabadiliko, kwa sababu mikataba yao ilikuwa neno la mdomo na padre aliyeondoka. Paroko mpya anapaswa kuambiwa nani ameajiriwa kwa mshahara gani, na kama michango yao ya uzeeni ya NSSF, na ya bima ya afya ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, inapelekwa kweli. Parokia inayohubiri haki ya mfanyakazi kila tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, haiwezi kumwacha bawabu wake bila bima kwa sababu faili lilipotea kwenye uhamisho. Vivyo hivyo na nambari za kulipia sadaka kwa M-Pesa. Miezi ya mwaka 2020 ambayo makanisa yalifungwa iliwazoeza wengi wetu kutoa kwa simu, nalo ni jambo jema, maana muumini mgonjwa au aliye safarini anaweza kutoa. Lakini nambari hiyo isajiliwe kwa jina la parokia. Laini ikiwa ya simu ya mtu, hata awe mtakatifu, siku akihama sadaka zinahama naye.

Na zipo jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 chini ya AMECEA, umoja wao, waliweka ujenzi wa jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha uchungaji, na kwa kufanya hivyo waliipa parokia kumbukumbu isiyokaa ofisini. Jumuiya inajua ni mzee gani hajapokea Komunyo tangu avunjike nyonga, ni wanandoa gani wanaishi bila ndoa ya Kanisa kwa sababu ya mahari, ni nyumba gani baba amepoteza kazi. Paroko mpya hawezi kuyajua hayo kwa miezi mingi, na kanuni ya 529 inamtaka azijue familia na awatafute kwa namna ya pekee maskini, wagonjwa na walio wapweke. Badala ya kila jumuiya kumletea kitenge na bahasha pekee, ilete pia karatasi moja ya siri, mkononi mwake, yenye majina ya watu wanaomhitaji kwanza. Hapo ziara zake za wiki za mwanzo zitakwenda kwa wagonjwa, na si kwa wenye sebule kubwa wanaowahi kumwalika chakula cha jioni.

Yote haya yana tokeo moja kwa wale wanaounda kamati wakati huu. Kamati ya mapokezi iwe pia kamati ya makabidhiano, au ifanye kazi pamoja na baraza la fedha, na ianze kabla paroko anayeondoka hajafunga masanduku yake, kwa sababu yeye ndiye anayejua mengi na ndiye anayestahili kuondoka na karatasi yenye sahihi inayoonyesha alichokiacha. Dekano aombwe awepo; kanuni ya 555 tayari inampa jukumu la kuangalia kwamba vitabu vinaandikwa na mali inatunzwa. Muhtasari wa hesabu usomwe kwenye Misa zote, za Kiswahili na za Kiingereza, Jumapili moja kabla ya sherehe, hata kama una deni ndani yake. Paroko atakayesikia kwamba waumini wake wanajua deni hilo hatalazimika kulificha wala kulitafutia mheshimiwa. Na kwa kuwa yeye naye siku moja atahamishwa, orodha aliyotia sahihi ipitiwe kila Januari, ili mrithi wake asingoje kuunganisha vipande vya stakabadhi kutoka kwenye droo.